Kidonda cha juu ya makalio hakijafunga: niendelee na mashine ya kunyonya?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 23, mwanafunzi wa chuo. Kwa muda mrefu nilikuwa na kijitundu mwanzoni mwa ufa wa makalio, karibu na kifandugu, kilichokuwa kikivimba na kutoa usaha, kisha kikitulia na kurudi tena. Hatimaye daktari wa upasuaji aliniambia kuwa ni pilonido sainasi, yaani kijishimo chini ya ngozi chenye nywele ndani yake. Alikikata chote na kuliacha jeraha wazi bila kulishona, akanieleza kwamba litajaa lenyewe kutoka chini kwenda juu. Sasa inakaribia miezi miwili. Mama ndiye aliyekuwa akinisafisha na kunifunga shashi kila siku, na kidonda kilikuwa kikipungua polepole mno.

Baadaye, katika kliniki ya vidonda, waliamua kunifunga mashine ya kunyonya. Wananiwekea sponji nyeusi ndani ya kidonda, wanaifunika kwa plasta nyembamba inayoonyesha ndani, kisha wanaunganisha mrija kwenye kimashine ninachotembea nacho begani. Mwanzoni nyama ilijaa kwa kasi iliyotushangaza sote. Tangu hapo sioni mabadiliko makubwa. Plasta huachia upande wa chini, karibu na njia ya haja kubwa, mashine inapiga kelele usiku na hata darasani, na maumivu ya kubadilisha sponji ni makali kiasi kwamba naanza kuyaogopa tangu jana yake. Nimepunguza hata kula ili nisiende haja mara kwa mara na kuichafua plasta.

Rafiki yangu aliyefanyiwa upasuaji kama huu alishonwa, akarudi kwenye shughuli zake mapema, na ananiambia kuwa mimi nimedanganywa. Mama naye anasema tuivue mashine turudi kwenye shashi. Naomba unieleze bila kunificha: mashine hii inasaidia kweli, au tunapoteza muda? Na je, niombe nishonwe?

Msomaji mwenye kidonda

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana, wewe pamoja na mama yako anayekuuguza mahali ambapo vijana wengi wa rika lako wasingekubali hata kumwonyesha mtu.

Nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwa sababu ndilo lililonishtua kuliko yote: umepunguza kula ili usiende haja. Tafadhali acha kufanya hivyo leo. Kidonda kilichoachwa wazi huzibwa na nyama ambayo mwili wako unaitengeneza kutokana na chakula, hasa chakula chenye protini, na majimaji yanayovutwa kila siku hadi kwenye chombo cha mashine yanaondoka na sehemu ya protini hiyo hiyo. Unapojinyima chakula huku kidonda kikivuja, unaunyima mwili malighafi wakati unapoihitaji zaidi. Isitoshe, anayekula kidogo na kunywa maji kidogo hupata choo kigumu, hukaa chooni muda mrefu akijikamua, na kule kujikamua ndiko kunakoivuta ngozi ya ufa wa makalio na kuibandua plasta unayojaribu kuilinda. Kula kama kawaida, ongeza mboga, matunda na maji, na kama umepewa dawa za maumivu za jamii ya kodeini au tramadoli, mwombe daktari dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa dawa hizo hufunga choo. Choo laini kinachokuja kwa wakati unaojulikana ni rahisi kukipangia: unaweza kukiwahi kabla ya saa ya kubadilisha plasta, ili kama kutakuwa na uchafu wowote, usafishwe mara moja.

Sasa nije kwenye mashine yenyewe. Tiba hii ya shinikizo hasi, kwa namna unayoijua wewe ya sponji, plasta na mrija, ilijulikana sana baada ya mwaka 1997, wakati Louis Argenta na Michael Morykwas wa Marekani walipochapisha matokeo ya kazi yao. Mara nyingi mashine huwekwa ivute kwa nguvu ya milimita 125 za zebaki chini ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Uvutaji huo huisinyaza sponji, na sponji inaposinyaa huzisogeza kingo za kidonda ndani; majimaji yaliyokuwa yakilowesha shashi na ngozi ya pembeni huondolewa; uvimbe wa nyama hupungua na damu hupita vizuri zaidi; na vitundu vya sponji vinapoivutavuta nyama kidogo kidogo, chembe zake huchochewa kuongezeka. Ndiyo maana mwanzoni mliona shimo likijaa nyama nyekundu kwa kasi. Mlichokiona kilikuwa cha kweli, na waliokufunga mashine hawakukudanganya.

Lakini umeniomba nisikufiche, nami sitakuficha. Kujaa kwa shimo na kufunga kwa kidonda ni kazi mbili tofauti, na mashine ni hodari katika ile ya kwanza. Madaktari wa Uholanzi waliwahi kuwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 49 wenye tatizo kama lako, wengine wakapewa mashine na wengine wakaendelea na kufungwa bandeji za kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Katika wiki mbili za mwanzo, vidonda vya waliotumia mashine vilipungua kwa kasi zaidi. Baada ya hapo tofauti ikafifia: muda wa kati wa kufunga kabisa, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa walikuwa wameshapona, ulikuwa siku 84 kwa waliotumia mashine na siku 93 kwa wenzao, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haikuweza kuthibitishwa kuwa imetokana na mashine, na siku ya kurejea kwenye shughuli za kila siku ilikaribiana sana kwa pande zote mbili. Utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, uliowahusisha watu 686 wenye majeraha ya upasuaji yaliyoachwa wazi na kuchapishwa mwaka 2025, haukupata ushahidi kwamba mashine hufupisha muda wa kidonda kufunga. Wengi katika utafiti huo walikuwa na vidonda vya miguu na ugonjwa wa kisukari, kwa hiyo siwezi kuyahamisha matokeo yake yote na kukuwekea wewe. Hata hivyo yanatosha kutuonya tusiitarajie mashine ifanye zaidi ya uwezo wake.

Tazama pia zile siku 84 na 93 kwa jicho la mtu aliyefikisha karibu miezi miwili. Hao walikuwa wagonjwa waliofuatiliwa kwa karibu, na bado nusu yao walihitaji takriban miezi mitatu au zaidi. Kidonda chako kiko katikati ya ufa wenye jasho, unaosuguana kila unapopiga hatua na kubanwa kila unapoketi, hivyo mwendo wake wa polepole peke yake si dalili kwamba upasuaji umeharibika. Kinachonipa wasiwasi ni kidonda kisichopungua kabisa, na hicho hakijulikani kwa kukitazama kwa macho tu, maana anayekiona kila siku huzoea. Mwombe muuguzi akipime mara moja kwa wiki, urefu, upana na kina, na mama apige picha akiwa ameweka rula pembeni. Iwapo vipimo vimesimama palepale kwa wiki mbili mfululizo, mnayo haki ya kuuliza kwa nini, na ya kuuliza kama mashine bado ina kazi ya kufanya. Mimi binafsi huona kwamba mashine ina thamani kubwa pale shimo linapokuwa refu kwenda chini na linatoa majimaji mengi. Likishajaa hadi kukaribia usawa wa ngozi, kilichobaki ni ngozi kutambaa kutoka kingoni, na hapo bandeji nzuri iliyobadilishwa kwa usafi inatosha. Kwa hiyo mama yako hajakosea kuuliza, ila uamuzi wa kuivua ufanywe kliniki, si nyumbani.

Kabla ya kufikia uamuzi huo, hata hivyo, nataka tuwe na hakika kwamba mashine imepewa nafasi ya kufanya kazi. Plasta inayoachia kila siku maana yake ni kwamba hewa inaingia, uvutaji unapotea, na sponji iliyolowa inabaki imeketi ndani ya kidonda ikifuga vijidudu. Kanuni inayofuatwa na watumiaji wa mashine hizi ni kwamba isikae imezimwa au bila kuvuta kwa zaidi ya saa mbili katika siku nzima. Zikipita, sponji inapaswa kutolewa na kidonda kifungwe kwa bandeji ya kawaida hadi kitakapofungwa upya. Kelele ya usiku, basi, usiizime na kuendelea kulala. Ni taarifa kwamba tiba imesimama.

Mahali penu pa kuvuja panajulikana, nami ningependa umwonyeshe muuguzi aya hii, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Ngozi yote inayozunguka kidonda inapaswa kuwa haina nywele, imesafishwa, na imekauka kabisa, maana hata unyevunyevu mdogo wa jasho huifanya plasta iteleze. Kabla ya plasta kubandikwa, ule mtaro mdogo unaoelekea chini kwenye njia ya haja hujazwa utepe laini wa kuziba, wa aina ile inayotumiwa na wagonjwa wanaovaa mfuko wa kinyesi tumboni, ili plasta ikute sehemu iliyo sawa badala ya kuning'inia juu ya bonde. Makalio yatanuliwe taratibu wakati wa kubandika. Yakiwa yamebanana, plasta itavutika na kubanduka mara tu utakapochuchumaa. Na kile kifundo cha plastiki kinachounganisha mrija kisikae juu ya kidonda chenyewe, ambako utakikalia na kukilalia. Kipande cha sponji huweza kurefushwa juu ya ngozi iliyofunikwa plasta hadi upande wa nyonga, na mrija ukaunganishwa huko. Nimeona wagonjwa waliochoshwa na mashine wakiivumilia bila shida baada ya mabadiliko haya tu. Na kinyesi kikipenya chini ya plasta, msisubiri siku iliyopangwa. Fungueni, safisheni, fungeni upya.

Maumivu nayo usiyachukulie kuwa sehemu ya lazima ya tiba. Kwa kawaida sponji hubadilishwa kila baada ya saa 48 hadi 72, na ikikaa zaidi, nyama changa huota na kuingia kwenye vitundu vyake. Kuing'oa wakati huo ni kuichana nyama hiyo. Omba dawa ya maumivu uimeze nusu saa hadi saa moja kabla, omba mashine izimwe mapema, na omba sponji iloweshwe vizuri kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuachwa kwa muda kabla ya kuvutwa. Ukiendelea kuumia, iko bandeji nyembamba isiyogandamana na nyama inayoweza kutandazwa chini ya sponji, na nguvu ya uvutaji inaweza kupunguzwa kidogo. Omba pia idadi ya vipande vya sponji vilivyowekwa iandikwe juu ya plasta, na vinapotolewa vihesabiwe, kwa sababu kipande kilichosahaulika ndani kinatosha kukizuia kidonda kupona.

Kuna mkosaji mwingine ambaye mashine haiwezi kumwondoa, naye ni nywele. Unywele uliolala ndani ya kidonda, hata mmoja, hufanya kazi ya mwiba: mwili unaendelea kuukataa, na nyama haitulii. Kila sponji inapotolewa, muuguzi aangalie kwa tochi hadi kwenye pembe za kidonda na kuutoa kwa kibano unywele wowote atakaouona. Watu wengi hudhani kwamba nywele hizo ni za makalio peke yake, lakini wachunguzi wa Ujerumani walipozitazama kwa karibu nywele zilizotolewa kwenye sainasi waligundua kwamba nyingi ni vipande vifupi vyenye ncha kali vilivyotoka kichwani, ambavyo huanguka mgongoni na kuteremka hadi kwenye ufa. Baada ya kunyoa kichwa, kwa hiyo, futa mgongo na shingo mara moja, na badilisha nguo. Nywele za kuzunguka kidonda zipunguzwe kwa mashine ya kunyolea, kwa uangalifu zisidondokee ndani. Kuendelea kujinyoa kwa wembe kwa miezi na miaka hakujaonyesha faida, na upo utafiti ulioona tatizo likirudi zaidi kwa waliofanya hivyo. Kidonda kikishafunga, ulizia kuondolewa nywele kwa leza, njia ambayo imeonyesha matumaini ya kupunguza uwezekano wa tatizo kurudi.

Iwapo nywele hazipo na plasta haivuji, na bado vipimo vimegoma, daktari wa upasuaji anapaswa kukiona kidonda kwa macho yake. Atatafuta kama ngozi imeungana juu huku chini pakibaki pango, kama nyama imeota kupita kiasi na kuwa laini, inayong'aa na kutoka damu kwa kuguswa, kama kuna njia ya sainasi iliyobakia, au kama kuna maambukizi yanayohitaji dawa. Akuulize pia kuhusu sigara, nawe umjibu kweli, kwani uvutaji wa sigara hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Kipimo cha sukari nacho si ghali kiasi cha kukiacha.

Sasa kuhusu rafiki yako. Sina sababu ya kutilia shaka kwamba alirudi kwenye shughuli zake mapema, kwa kuwa jeraha lililoshonwa likipona vizuri hupona haraka kuliko lililoachwa wazi. Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo huenda hakuambiwa. La kwanza, mshono unaopita katikati kabisa ya ufa huachia mara kwa mara, na tatizo hurudi kwa wengi zaidi kuliko kwa walioachwa wazi. La pili, ziko njia za kushona ambazo huupeleka mshono pembeni ya ufa na kuufanya ufa wenyewe usiwe na kina, kama ile ya George Karydakis, daktari wa jeshi la Ugiriki, ile ya Bascom, na ile ya Limberg inayohamisha kipande cha ngozi na nyama chenye umbo la msambamba. Matokeo ya njia hizo ni mazuri zaidi kuliko ya mshono wa katikati, ila zinahitaji mpasuaji aliyezizoea. Kidonda chako kikiendelea kupungua, nisingekushauri upasuliwe tena. Umeshalipa sehemu kubwa ya gharama ya njia uliyopitia. Kikigoma kabisa licha ya yote niliyoyaeleza, muulize daktari wako waziwazi kama mojawapo ya njia hizi inakufaa, na kama yeye mwenyewe huifanya au atakupeleka kwa anayeifanya.

Jambo la hatari nalitaja kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Ukiona damu nyekundu ikipita ndani ya mrija au kujaa kwenye chombo, zima mashine, lala, gandamiza kidonda juu ya plasta bila kuitoa sponji, na uwahishwe hospitali. Mtu yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kumwambia daktari kabla ya kufungwa mashine. Homa, harufu mbaya isiyokuwepo awali, au wekundu unaosambaa kwenye ngozi ni sababu ya kwenda kliniki siku hiyo hiyo. Na ukitakiwa kupigwa picha ya emarai (MRI), mashine ibaki nje ya chumba hicho.

Darasani, keti mwisho wa safu ili uweze kusimama mara kwa mara bila kumsumbua mtu, na usomapo nyumbani lala kwa ubavu au kifudifudi. Waeleze walimu kwamba una jeraha la upasuaji; si lazima useme liko wapi. Nadhani aibu ndiyo imekufanya unyamaze hadi sasa, ingawa ugonjwa huu huwapata zaidi vijana wa umri wako, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia uliwalaza hospitalini karibu askari 80,000 wa Marekani, kiasi kwamba uliitwa ugonjwa wa jeep kutokana na magari waliyokuwa wakirushwarushwa ndani yake.

Siku utakayokwenda kubadilisha sponji, nenda na mama yako pamoja na picha zenye rula. Mwombeni muuguzi akuonyesheni kina cha kidonda kwa kipimo, na mwulizeni maswali mawili: shimo limebakiza kiasi gani kufikia usawa wa ngozi, na ni lini, kwa tarehe, mtaamua kama mashine iendelee au iondolewe. Kisha niandikie majibu yao.